Kutalii Oman Katika Miezi ya Joto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msafiri anayetoka Afrika Mashariki, au Mswahili anayeishi kwingineko, ambaye anataka kuitembelea Oman kati ya Juni na Septemba. Miezi hiyo ndiyo ya likizo kwa familia nyingi, na ndiyo pia miezi ambayo jua la nchi hiyo huwa kali kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ushauri unaopita katika majibu yote ni mmoja: ratiba ifuate saa za siku, urefu wa milima na upepo wa bahari, ndipo vivutio vipangwe ndani yake.

Je, ni busara kwenda Oman wakati wa joto kali?

Ndiyo, lakini kwa mtu aliyekubali kubadili mwendo wake. Muscat mwezi Juni hupita nyuzi 40 mchana mara nyingi, na usiku joto huweza kubaki juu ya nyuzi 30. Katika mji wa Qurayyat, ulio pwani kusini mashariki ya Muscat, mwezi Juni 2018 ilipita siku nzima, usiku na mchana, bila kipimo kushuka chini ya nyuzi 42.6. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kujiambia kwamba joto amelizoea tangu utotoni, lakini joto la kwao hata mwezi Februari huishia kwenye nyuzi thelathini na kidogo, tena anasafiri akitoka katika kipupwe, wakati mwili wake umekwisha kuzoea hali ya baridi kidogo. Anayetoka Nairobi, Arusha au Kigali atalihisi zaidi. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto la namna hiyo, na safari nyingi huisha kabla ya hapo. Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo zisiwe na shughuli nzito.

Yapo mambo ambayo Oman huyatoa katika miezi hii tu, au katika miezi hii zaidi: ukungu wa Dhofar (mkoa wa kusini ambao mji wake mkuu ni Salalah), kasa wanaopanda ufukweni kutaga, na mavuno ya tende. Lakini ikiwa nia yako kubwa ni kulala jangwani katika mchanga wa Sharqiya, au kutembea kwa miguu ndani ya mabonde ya mawe, ahirisha safari hadi kati ya Novemba na Machi. Kulilazimisha jangwa mwezi Julai ni hatari, na kambi nyingi za watalii hufungwa wakati huo.

Kwa nini Salalah ina ukungu na mvua wakati Muscat inaungua?

Jibu liko katika upepo ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua vizuri. Kusi inayovuma Zanzibar, Lamu na Kilwa katikati ya mwaka huvuka ikweta, hugeuza mwelekeo wake na kufika pwani ya Dhofar ikitokea kusini magharibi. Hapo husukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na ufukwe, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji hayo baridi hugeuka kuwa ukungu na manyunyu, milima iliyo nyuma ya Salalah huuzuia, na hewa ya moto inayotoka jangwani huufunika kwa juu usipande zaidi. Msimu huo huitwa khareef, na kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe 21 Juni hadi tarehe 21 Septemba. Joto la mchana huwa karibu na nyuzi 25, milima hufunikwa na majani mabichi, na ng'ombe na ngamia huchungwa katika ukungu.

Ukivuka milima hiyo kuelekea Thumrait, ukijani hukatika ghafla na jangwa huanza.

Upepo huohuo ndio uliovirudisha vyombo Arabuni baada ya kushuka na kaskazi kwenda Uswahilini. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alitoka huko akasafiri kwa bahari hadi Dhofar. Magofu ya mji wa bandari wa zama hizo, Al Baleed, yapo leo ndani ya Salalah yenyewe, kando ya bahari, na yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 pamoja na bandari ya kale ya Sumhuram, bonde la miti ya ubani la Wadi Dawkah na magofu ya Shisr. Kwa msomaji wa Kiswahili naona hakuna mahali pa kutalii nchini Oman penye maana zaidi ya hapo.

Ni tarehe zipi zinazofaa zaidi kwa Salalah?

Wengi hudhani kwamba ukijani huanza siku ile ya kwanza ya msimu. Sivyo. Katika wiki za mwanzo ukungu upo lakini milima bado ina rangi ya kahawia, na majani hushamiri kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Huo ndio wakati ambao familia kutoka nchi zote za Ghuba hufurika Salalah, barabara za kwenda Wadi Darbat na chemchemi za Ayn Razat na Ayn Athum husongamana, na bei za nyumba za kupanga na hoteli hupanda sana. Anayetaka Julai au Agosti aweke nafasi miezi kadhaa mapema.

Pendekezo letu kwa anayeweza kuchagua ni wiki mbili za katikati ya Septemba. Ukungu huanza kuondoka, majani yangali mabichi, jua hutoka, na watalii wengi wamekwisha rudi makwao kwa sababu shule zimefunguliwa.

Jambo moja lisisahaulike. Bahari ya Dhofar wakati wa khareef si bahari ya kuogelea. Mawimbi ni makubwa na huja ghafla; mwezi Julai 2022 yaliwabeba watu kadhaa waliokuwa kwenye miamba ya Al Mughsail, na wengine walipoteza maisha. Matundu ya miamba hiyo yanayorusha maji ya bahari juu, yatazame bila kuvuka uzio, na watoto washikwe mikono.

Nikiwa na siku kumi, nizigawe vipi?

Ipe Salalah siku nne, tena mwanzoni. Msafiri anayeanzia Dhofar hupumzika katika hali ya hewa inayofanana na ya kwao, kisha huingia kaskazini akiwa na nguvu, ilhali anayeanzia Muscat huchoka siku ya pili na kuanza kukata safari zake. Baada ya Salalah, rudi Muscat kwa siku mbili, panda Jebel Akhdar kwa siku mbili ukipitia Nizwa, kisha malizia Sur na Ras al Jinz kwa siku moja au mbili kabla ya kurudi uwanja wa ndege.

Kutoka Muscat hadi Salalah ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara. Mabasi yapo, na safari huchukua karibu saa kumi na mbili kupitia jangwa la mawe lisilo na kivuli. Ndege huchukua chini ya saa mbili. Katika miezi hii tunashauri ndege bila kusita, hasa kwa familia yenye watoto au wazee.

Siku ya kutalii ipangweje saa kwa saa?

Amka kabla ya jua. Kuanzia alfajiri hadi saa 3 asubuhi ndio muda wa ngome, masoko ya wazi na matembezi yoyote ya miguu. Kuanzia saa 4 ingia mahali penye kiyoyozi. Sheria ya kazi ya Oman yenyewe hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti; ikiwa mafundi wa ujenzi waliozoea hali ile hulazimika kupumzishwa, mtalii hana sababu ya kuwa kwenye paa la ngome saa hizo. Lala mchana. Toka tena baada ya alasiri, kula chakula cha usiku kwa kuchelewa kama wanavyofanya wenyeji, na usistaajabu kuona familia zikiwa ufukweni na watoto wadogo saa 5 usiku.

Ijumaa ni siku tofauti. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na mengi hufungwa hadi baada ya sala ya Ijumaa. Isipokuwa Nizwa: mnada wa mbuzi na ng'ombe hufanyika asubuhi ya Ijumaa, mapema, na wanyama huzungushwa mbele ya wanunuzi waliokaa katika duara huku bei zikipandishwa kwa sauti.

Muscat kuna nini cha kuona bila kuunguzwa na jua?

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea wageni wasio Waislamu kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Fika saa 2 kamili, kwa maana sakafu ya marumaru ya ua hupata moto haraka. Ndani kuna zulia moja lililofumwa kwa mkono lenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 4,000. Kutoka hapo nenda Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mkabala na kasri la Al Alam. Saa za mchana humalizika humo bila mtu kuhisi zimepita. Soko la Muttrah ni la jioni, kwa sababu maduka mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri.

Ni kweli kwamba milimani kuna baridi?

Si baridi ya kutetemeka, bali ni nafuu kubwa. Uwanda wa Saiq katika Jebel Akhdar uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na joto lake huwa pungufu ya Muscat kwa nyuzi kumi au zaidi. Usiku mtu hulala madirisha yakiwa wazi. Vijiji vya Al Aqr na Al Ayn vina mashamba ya ngazi yanayomwagiliwa kwa mifereji, na kuanzia mwisho wa Agosti makomamanga huanza kuiva. Polisi walio chini ya mlima, karibu na Birkat al Mawz, huruhusu magari yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne tu, kwa hiyo gari dogo la kukodi litaishia hapo.

Ukiwa njiani simama Birkat al Mawz utazame falaj ya Al Khatmain. Ni mojawapo ya mifereji mitano iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, na namna maji yanavyogawanywa kwa zamu kati ya mashamba ni elimu kwa yeyote anayetoka katika nchi yenye ugomvi wa maji. Ngome ya Nizwa, yenye mnara mkubwa wa duara uliojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'rubi, itazamwe asubuhi na mapema. Ukoo huohuo ndio uliowatoa Wareno katika Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1698. Mchana wa siku hiyo upeleke Manah, katika makumbusho ya Oman Across Ages yaliyofunguliwa mwaka 2023: ni makubwa, ni ya kisasa, na yana ubaridi.

Kasa wa Ras al Jinz huonekana miezi hii?

Miezi hii ndiyo bora. Kasa wa kijani hutaga mwaka mzima, lakini wengi zaidi hupanda ufukweni wakati wa joto. Huruhusiwi kwenda peke yako. Weka nafasi katika kituo cha hifadhi, ambacho hupeleka makundi usiku na kabla ya alfajiri. Chagua msafara wa alfajiri, kwa kuwa unaweza kumwona kasa akirudi baharini kwa mwanga wa asubuhi bila haja ya taa. Usipige picha kwa taa ya kamera. Mwanga humpotosha kasa na humfanya arudi bila kutaga. Pwani hii ya mashariki hupata upepo wa bahari na huwa na nafuu kuliko Muscat. Sur, iliyo karibu, ni mji wa mafundi wa majahazi na manahodha waliosafiri hadi Zanzibar vizazi kwa vizazi.

Viza na chanjo zikoje?

Omba viza mtandaoni kupitia tovuti rasmi ya Polisi ya Kifalme ya Oman kabla ya kulipia tiketi, ukiwa na pasipoti iliyobakiza angalau miezi sita. Jihadhari na tovuti za mawakala zinazofanana na hiyo na kutoza ada ya ziada. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudaiwa kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo. Chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuondoka. Ukibadilisha ndege Nairobi au Entebbe, chukua cheti hicho hata kama safari yako inaanzia kwingine.

Dawa zako zibaki katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Dawa kali za maumivu, kama vile tramadol na zile zenye kodeini, zimedhibitiwa, na sheria za dawa za kulevya nchini humo hazina mzaha.

Nitatambuaje kwamba joto limemdhuru mtu?

Soma jibu hili kwa makini kuliko yote. Hatua ya kwanza ni uchovu wa joto: jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Mpeleke mtu kivulini au penye kiyoyozi, mlaze, mlegeze nguo, mpe maji yenye ORS kidogo kidogo, na kwa kawaida atapata nafuu ndani ya nusu saa. Hatua ya pili ni kiharusi cha joto, na hiyo huua. Dalili yake kubwa ni akili kuvurugika: mtu huongea ovyo, hujikwaa, hukasirika bila sababu, hupoteza fahamu au hushikwa na degedege, huku mwili ukiwa wa moto sana, nyuzi 40 au zaidi. Usisubiri jasho likauke ndipo uamini. Piga 9999, kisha anza kumpoza mara moja kwa maji mengi mwilini na upepo, na barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Zaidi ya hayo, msafiri wa kwetu ana hatari ambayo vitabu vya watalii wa Ulaya havimwambii. Homa inayoanza siku chache baada ya kufika inaweza kuwa malaria aliyoondoka nayo nyumbani, na daktari wa nchi isiyo na malaria anaweza asiifikirie. Mwambie wazi kwamba unatoka katika eneo lenye malaria na uombe kipimo cha damu. Kulala hotelini ukiamini kwamba ni jua tu kumegharimu maisha ya wasafiri katika nchi nyingi.

Wazee na watoto je?

Mzee anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, amwone daktari wake kabla ya safari, kwa sababu dawa hizo hupunguza maji mwilini. Mwenye kisukari abebe insulini katika kifuko cha baridi na asiiache garini. Mtoto naye asiachwe ndani ya gari lililozimwa hata kwa dakika mbili za kununua maji. Kila mtu anywe maji kabla ya kiu, na rangi ya mkojo ndiyo kipimo: ikiwa ya chai, ameshachelewa.

Nikikodi gari nizingatie nini?

Oman huendesha upande wa kulia, kinyume cha Tanzania, Kenya na Uganda. Hatari kubwa ni siku ya kwanza, kwenye mizunguko ya barabara na unapotoka kituo cha mafuta. Beba leseni pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kamera za mwendo zipo kila mahali. Kagua upepo wa matairi kila asubuhi, weka lita kadhaa za maji ndani ya gari, na usisafiri usiku Dhofar, ambako ngamia hulala barabarani na ukungu huficha hata taa za gari lililo mbele yako. Mawingu yakijikusanya juu ya milima ya Hajar wakati wa alasiri, toka bondeni upesi. Mafuriko hufika mahali ambapo mvua haikunyesha. Kuvuka bonde linalotiririka kwa gari ni kosa kisheria.

Nivae nini?

Nguo za pamba zilizo pana, zinazofunika mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Zinakuheshimisha na zinakukinga. Kanzu na kofia, buibui au dera jepesi vinafaa kabisa. Mwanamke achukue mtandio kwa ajili ya msikiti na kwa ajili ya viyoyozi, maana baridi ya ndani ya maduka huumiza kifua. Kwa Salalah ongeza koti jepesi na viatu visivyoteleza kwenye tope.

Je, nitaweza kutumia Kiswahili?

Mara nyingi kuliko unavyotarajia. Familia nyingi zenye asili ya Oman zilizoishi Unguja, Pemba, Tanganyika, Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo zilirejea huko, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, na Kiswahili chao kingalipo majumbani. Anza kwa salamu ya Kiislamu, kisha ukisikia lafudhi, mwamkie mkubwa wako kwa shikamoo. Epuka kumhoji mtu usiyemjua kuhusu habari za mwaka 1964. Wako waliopoteza ndugu, na jambo hilo ni la mwenyewe kulisema akipenda.

Gharama zikoje, na ni nini cha kununua?

Rial moja ni baisa 1,000, na thamani yake imefungwa kwenye dola: rial moja ni takriban dola 2.6. Kwa hiyo noti inayoonekana ndogo si ndogo. Muscat huwa na nafuu ya bei za hoteli wakati wa joto, na nafuu hiyo husaidia kufidia bei za Salalah.

Katika miezi hii nunua tende mbichi zilizoiva, aina ya khalas ukizipata, na uzile hukohuko kwa sababu hazivumilii safari. Ubani nunua Salalah, katika soko la Al Haffa, si kwenye uwanja wa ndege. Ule wa daraja la juu huitwa hojari. Chagua matone makubwa yenye weupe wa kijani, yasiyo na vumbi wala magamba, na umwombe muuzaji achome kidogo kabla hujalipa. Halua nayo hufungwa vizuri kwa safari, ila iweke kwenye begi la kupakia, kwa kuwa mabakuli makubwa huleta maswali kwenye ukaguzi wa mzigo wa mkononi.